Ukurasa Uliorudi Nyumbani

Charity Wangeci alijua wameshindwa hata kabla jaji hajamaliza ukurasa wa kwanza. Mawakili wana pua ya mambo hayo. Jaji akianza kwa kukupa pole, wewe anza kukusanya vitu vyako.

Alikuwa ofisini kwake mjini Bomet, ghorofani, juu ya duka la babake la vifaa vya ujenzi. Kompyuta ilikuwa imefunguliwa mezani, na kando yake aliketi mteja wake, Mama Syprose Oyugi, mikono juu ya mapaja. Majaji watatu wa Mahakama ya Rufaa walikuwa wakisoma uamuzi wao kwa mtandao. Huko chini dukani mtu alikuwa akikata mabati, na kila mashine ilipolia Charity alitamani ilie zaidi ili asisikie kinachosomwa.

"Tunampa mama huyu pole zetu za dhati," jaji alisema. "Lakini msiba wa mtu mmoja, hata uwe mzito namna gani, hauwezi kuzaa haki ya kupita katika ardhi ya mwingine."

Rufaa ya wenye shamba ikakubaliwa. Uamuzi wa Mahakama ya Ardhi, uliokuwa umekifungua kijia miezi kumi na minne kabla ya hapo, ukafutwa. Dakika kumi na moja tu, na kazi ya miaka minne ikawa imekwisha.

Kijia chenyewe, ukikiona hutasimama hata kukipiga picha. Kina upana wa hatua mbili, kinalikatiza shamba la chai kutoka kijiji cha Kapchelach hadi zahanati, na watu wamekipita tangu enzi za babu zao. Dakika ishirini, umefika. Kisha shamba likapata wenyewe wapya. Wakaleta mashine za kuchuna majani, wakawaachisha wachunaji kazi, wakaweka geti la chuma na kufuli. Anayetaka zahanati azunguke kwa barabara, saa mbili kwa mguu. Alasiri moja ya mvua, Beverly, bintiye Mama Syprose, alishikwa na uchungu wa kuzaa. Walifika getini wakaita, wakapiga kelele, mlinzi akasema hana ufunguo. Wakazunguka. Mtoto alizaliwa kando ya barabara, na hakulia. Hiyo ndiyo kesi yenyewe, na asiniulize mtu kwa nini wanakijiji wanasumbuana kortini kwa ajili ya njia ya mguu.

Charity alifunga kompyuta. "Pole, Mama."

"Wacha pole, Wakili. Hata huyo jaji amenipa, na sikuona imenifikisha wapi." Mama Syprose alijifunga leso vizuri kichwani. "Kuna mlango mwingine?"

"Umebaki mmoja. Mahakama ya Upeo, Nairobi. Hiyo ndiyo ya juu kabisa katika nchi hii. Ukitoka huko hakuna pengine pa kwenda, labda kwa Mungu."

"Kwa Mungu nimeshaenda. Twende Nairobi."

Ikabidi Charity amweleze mambo yalivyo. Si kila aliyeshindwa anapanda huko. Kesi ya madai kama yao haipandi kwa sababu umeumia, wala kwa sababu majaji wa chini wamekosea tu. Inapanda ikiwa inagusa Katiba, ama ikiwa swali lake ni la umma mzima, watu wengi sana wanaosubiri jibu lilelile, si ugomvi wako na jirani yako peke yenu. Na kwa hilo la umma, lazima kwanza upate kibali.

"Kibali tunakiomba kwa nani?"

"Tunaanzia kwa majaji hawa hawa waliotuangusha leo."

Mama Syprose alicheka, kicheko cha kweli, mpaka bega likatikisika. "Jameni! Yaani mtu amekunyima chumvi, halafu unarudi kumwomba akusindikize dukani."

"Ndiyo sheria, Mama. Na notisi ya kukata rufaa iwe imeingia ndani ya siku kumi na nne."

"Sasa mbona bado tumekaa?"

Notisi iliingia kesho yake. Ombi la kibali ndilo lililomtoa Charity jasho. Aliandika siku nne, akatia hoja kumi na saba, kwa sababu wakili aliyetoka kushindwa ni kama mtu anayehama nyumba, hataki kuacha hata kijiko. Lakini ukurasa wa tatu aliupenda kuliko zote. Humo aliweka maneno ya Mama Syprose kuhusu ile alasiri ya mvua, aya tisa, na aliyaandika akilia. Alijivunia ukurasa ule na alikuwa na haki ya kujivunia.

Siku ya tano alipanda kwenda Kapchelach ili mteja asikie ombi lile na kiapo chake kabla ya kukitia sahihi. Ilikuwa siku ya kupeleka chai, na hakumkuta nyumbani. Alimkuta kwenye kituo cha kununulia majani. Mama Syprose alikuwa amechunia lile shamba kubwa miaka ishirini na sita, na alipoachishwa kazi alibaki na nusu ekari ya michai yake mwenyewe. Alikuwa amemwaga kapu lake juu ya meza ndefu ya kuchambulia, pamoja na kina mama wengine, vidole vikienda mbio.

Asiyejua meza ile nimweleze. Kiwanda kinataka majani mawili na kichipukizi. Jani la tatu ni gumu, linaharibu chai, kwa hivyo kila mtu hulichambua na kulitoa kabla ya mizani. Na jani lililotolewa halitupwi chini hapo kituoni, hapana. Karani wa kituo, Kipkirui, mtu asiye na mchezo, alishawahi kuwaona wajanja wakiliokota na kulipenyeza kwenye gunia jingine. Tangu hapo sheria yake ni moja: jani lililokataliwa linarudi na mwenyewe nyumbani.

"Nisomee hapa hapa," Mama Syprose alisema. "Mikono ina kazi, masikio hayana."

Charity alisita kidogo, akasoma. Hoja ya kwanza: kwamba majaji walikosea kuipima ripoti ya mpimaji wa ardhi.

"Hiyo ni ya nchi nzima?"

"Hapana, hiyo ni ripoti ya shamba lile tu, lakini—"

"Toa."

Hoja ya pili, kwamba barua fulani ya kampuni haikuzingatiwa. Ikatolewa. Ya tatu ikafuata. Mokeira, mama mwenye sauti ya kuita watu kutoka mlima wa pili, aliyekuwa akichambua upande wa pili wa meza, akadakia: "Wakili, hiyo ya nne ni jani la tatu kabisa! Ngumu hivyo nani ataitafuna?" Meza nzima ikaangua kicheko.

Charity aliona uso ukimchemka. Miaka minne ya chuo, mwaka mzima wa shule ya mawakili, na leo hoja zake zinachambuliwa na kina mama wenye aproni za plastiki! Alitaka kukunja karatasi zake ashuke zake mjini. Lakini walipofika hoja ya kumi na moja alijikuta yeye mwenyewe ndiye anayesema "hii nayo itoke," kabla hajaulizwa. Zikabaki mbili. Ya kwanza iliuliza kama njia ambayo watu wameitumia maisha yao yote kufika hospitali, shule na soko inakufa siku shamba linapouzwa. Ya pili iliuliza kama mwenye shamba anaweza kuifunga bila hata kuwasikiliza wanaoitegemea.

"Hizo acha," Mama Syprose alisema. "Hizo hata mtu wa Turkana anaweza kuuliza."

"Sasa ukurasa wa tatu," Charity alisema.

Aliusoma wote. Alipofika aya ya pili vidole vilisimama mezani. Alipofika ya tano Mokeira alikuwa amejifunika uso kwa aproni, na Kipkirui ameweka daftari lake chini. Mama Syprose peke yake ndiye aliyekuwa bado anachambua, na hakuinua uso.

"Toa," alisema.

"Mama, huu siwezi. Huu ndio kesi yenyewe!"

"Huo ni msiba wangu. Si wewe mwenyewe ulimsikia yule jaji? Msiba wa mtu mmoja. Tukiupeleka tena watauangalia huo tu, watanihurumia, watafunga faili. Mimi sitaki huruma, Wakili. Nataka njia."

"Bila huu watajuaje uliumia?"

"Wasijue."

Alipangusa mikono, akauchukua ule ukurasa kutoka mkononi mwa Charity, akaukunja mara mbili na kuuweka ndani ya kapu, juu ya majani yaliyokataliwa. "Hautupwi," alisema. "Unarudi na mimi nyumbani. Si ndivyo, Kipkirui?"

Kipkirui, ambaye huwa hakosi neno, alisema tu, "Ndivyo, Mama."

Charity alikuwa amefundishwa na maprofesa, alikuwa amekaa chumba kimoja na mawakili wenye majina makubwa. Hakuwa amewahi kumwona mtu aliyeielewa sheria namna ile, tena bila kufungua kitabu. Alimstahi mama yule siku ile kwa moyo wake wote, na hajaacha mpaka leo.

Kazi ndiyo kwanza ilianza. Kama swali ni la watu wengi, watu wengi watafutwe, na siku zilikuwa zimebaki chache. Mama Syprose alivaa gumbuti zake akaingia njiani. Alikwenda Ndanai, akakuta kina mama waliofungiwa njia ya soko. Alikwenda upande wa Sigor, akakuta wazee waliozibiwa njia ya kunyweshea ng'ombe. Kericho alimpata mwalimu ambaye wanafunzi wake walikuwa wakipenya chini ya waya kila asubuhi. Kila mahali alikaa chini, akauliza swali moja, "Yenu ilifungwa lini?" kisha akasikiliza mpaka mwisho. Yake hakuitaja hata siku moja.

Charity alikuwa naye ile siku ya Ndanai, ameketi kando na kalamu yake. Mama mmoja aliyekuwa akisimulia kwa machozi alikatiza maneno na kumkazia macho Mama Syprose. "Wewe unauliza umetulia hivi," alimwambia, "kwa sababu hujapatwa na uchungu." Charity aliruka kutaka kujibu. Mama Syprose alimgusa goti akaketi.

"Niambie basi," Mama Syprose alimwambia yule mama. "Niambie vile uko."

Walipeleka viapo thelathini na sita. Cha Mama Syprose mwenyewe kilikuwa mistari minne: jina lake, kijiji chake, miaka aliyokipita kijia, na siku kilipofungwa.

Sasa usidhani nyumbani mambo yalikuwa sawa. Wiki moja baada ya ombi kuingia, mumewe, Mzee Joab, fundi mstaafu wa mitambo ya kiwanda, alipanda ngazi za ofisi ya Charity, akaketi, akaweka kofia juu ya goti.

"Wakili, nimesikia mmemtoa mjukuu wangu kwenye kesi."

"Mzee, ni Mama aliyeamua."

"Najua ni yeye. Alikuwa na jina, unajua? Tulimwita Dolphine, jina la dadangu marehemu. Mtoto hakuacha kitu kingine duniani. Hana picha, hana nguo aliyovaa. Alikuwa na ile karatasi tu." Aligeuza kofia. "Mke wangu hajalia tangu siku ile. Hata tulipomzika hakulia. Watu wananiuliza kama ni mtu ama ni jiwe, na mimi sina la kuwajibu."

"Mzee, zungumza naye."

"Namwuliza, ananiambia bado. Bado nini?"

Mzee Joab alivaa kofia akashuka, na Charity alisikia baadaye kwamba nyumba ile ilikaa miezi ikizungumzia kuni na maji tu.

Kibali kilipatikana mwezi wa tano. Majaji walewale wa rufaa waliandika kwamba swali hili limewazidi wenye kesi, na kwamba linastahili kujibiwa na mahakama ya juu kabisa. Charity alipompigia simu Mama Syprose kumweleza, alisikia vigelegele vya Mokeira kabla hata hajamaliza kusema.

Siku ya kusikilizwa, Nairobi, wenye shamba walikuja na mawakili wanne na vitabu vya kujaza mkokoteni. Charity alikuwa na faili mbili. Mama Syprose na Mzee Joab waliketi nyuma, wamevaa nguo za kanisani, nafasi ya mtu mmoja ikiwa katikati yao. Charity aliinuka akazungumza. Hoja zake mbili alizijua mpaka ndani ya mifupa, na hakuwa na nyingine za kumchanganya.

Kisha jaji mmoja, mama mwenye miwani, akamsimamisha. "Wakili, katika uamuzi wa chini naona mstari mmoja kuhusu msiba wa mteja wako. Katika maandishi yako siuoni kabisa. Ulisahau?"

Haki ya Mungu, aya zote tisa zilimjia Charity mdomoni. Alizijua kwa moyo. Alikuwa na nafasi, alikuwa ameulizwa na jaji mwenyewe, na angesema pale hakuna jicho ambalo lingebaki kavu. Aligeuka nyuma. Mama Syprose alitikisa kichwa, kidogo tu.

"Hatukusahau, Mheshimiwa," Charity alisema. "Mteja wangu analo la kusema, na ni zito. Ameamua lisiwe ndilo linalofungua njia. Njia ikifunguliwa kwa huruma juu yake, itakuwa yake peke yake. Anaomba swali lijibiwe kwa ajili ya hawa thelathini na sita, na wale ambao hatukuwafikia."

Jaji alimtazama, akamtazama mama aliyeketi nyuma, kisha akainama akaandika kwa muda mrefu. Mawakili wanne wa upande wa pili hawakuinuka kupinga. Mzee Joab alikuwa anamwangalia mke wake kama anayemwona baada ya safari.

Hukumu ilitoka baada ya miezi mitano. Walishinda. Njia ambayo umma umeitegemea kizazi hadi kizazi kufikia huduma za lazima haifi kwa shamba kubadilisha mikono, mahakama ilisema, na popote ilipo katika nchi hii haifungwi bila wanaoipita kusikilizwa. Simu zilianza kumiminika kwa Charity kutoka Ndanai, Sigor, Kericho, na sehemu ambazo hakuwahi kuzisikia. Babake, Mzee Ndung'u, aliyekuwa akiiita "kesi ya kijia" kwa miaka yote ile, alifunga duka saa sita mchana akanunulia wafanyakazi wote soda.

Wenye shamba nao niwape haki yao: walikuja wiki ileile wakaling'oa geti bila vurugu. Vikabaki vikingi viwili vya chuma vilivyokuwa vimelishika.

Jumamosi yake kijiji kizima kilikuwa pale. Beverly alikuja kutoka Kericho anakofanya kazi, amesimama na babake. Kipkirui alisema maneno machache, kisha akamwomba Mama Syprose awe wa kwanza kupita. Alisogea mpaka katikati ya vile vikingi, na hapo akasimama. Watu wakangoja. Aliingiza mkono kapuni akatoa karatasi iliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki, mikunjo yake imeanza kuchanika.

"Wakili," alisema. "Sasa nisomee."

Mzee Joab aliitambua kabla ya wote. "Uko nayo?"

"Ilikuwa nyumbani siku zote, Baba Bev. Ilikuwa chini ya godoro, upande wako."

Mzee alivua kofia.

Charity alisoma. "Siku ya Jumanne, saa tisa alasiri, mvua ikinyesha, binti yangu Beverly aliniambia, Mama, ni sasa." Alisoma jinsi walivyofika getini, jinsi walivyoita. Kwenye aya ya sita alisikia sauti ambayo hakuwa amewahi kuisikia kwa miaka yote ya kesi ile. Mama Syprose alikuwa analia. Alilia kwa sauti kubwa, mikono kichwani, vile kwao marehemu huliliwa siku ya kwanza ya msiba, na Mzee Joab alimkumbatia mbele ya watu wote naye akalia. Charity aliacha kusoma. Macho yalikuwa yamemjaa na maandishi hayakuonekana.

"Soma," Mama Syprose alimwambia kutoka kifuani mwa mumewe. "Malizia, mwanangu. Hapa hatoi mtu kitu."

Charity alipangusa macho kwa mkono wa koti lake, akasoma mpaka aya ya tisa, na ya tisa ilikuwa fupi. "Mtoto alikuwa msichana. Tulimwita Dolphine."

Beverly akaja akaushika mkono mmoja wa mamake, Mzee Joab akaushika mwingine. Wakapita wote watatu, polepole, wakielekea upande wa zahanati.